Kifuniko cha Tatu

Kreti kumi na nane za nyanya ziliondoka bondeni alfajiri, na saa nne asubuhi zilikuwa zimesharudi, kila moja imezungushiwa utepe mwekundu kama mwizi aliyefungwa kamba. Mkokoteni ulizibeba polepole katikati ya barabara. Nyuma yake alitembea Mama Bondeni, mjane mwenye shamba, mkono mmoja ameuweka juu ya kreti ya mwisho. Hakuwa anasukuma. Alikuwa ameshika tu, kama mtu anavyoshika kitanda cha mgonjwa.

Watu walitoka vibarazani.

"Mama, leo soko limefungwa?" aliuliza mshona viatu.

"Soko liko wazi," alijibu bila kugeuza shingo. "Nimefungwa mimi."

Fundi Mvua alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akizibua pua ya pampu kwa mswaki uliochakaa. Jina hilo alipewa na wakulima, kwa sababu kila alikopita na ile pampu mgongoni, mvua laini ilianguka juu ya majani. Yeye mwenyewe hakuwa na hata tuta moja la kulima. Miaka kumi na moja alikuwa akipulizia dawa mashamba ya wenzake, na watu walisema palipopita mkono wake mdudu hapakanyagi. Alipoziona zile kreti aliweka mswaki chini. Nyanya zile alizijua. Alizipulizia mwenyewe siku tisa zilizopita.

"Shemeji," aliita, maana marehemu mume wa Mama Bondeni alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. "Wamesemaje?"

Mama Bondeni alisimamisha mkokoteni. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamnyooshea.

"Soma wewe. Mimi nimesomewa mbele ya watu, imenitosha."

Fundi Mvua alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kipimo cha maabara ya soko: mabaki ya kiuatilifu kwenye zao yamezidi kiwango kinachoruhusiwa. Mazao yasiuzwe. Mkulima afike ofisi ya ukaguzi siku ya Alhamisi kutoa maelezo, pamoja na mtu aliyepulizia.

"Fomu yao iliniuliza nimetumia dawa kiasi gani," alisema mjane. "Nikaandika vifuniko viwili kwa kila pampu, nikatia sahihi. Si ndivyo?"

"Ndivyo inavyosema chupa," alijibu Fundi Mvua.

Hakuwa amesema uongo, na kweli pia hakuwa ameisema. Lakini wakati huo mwenyewe hakulitambua hilo.

"Basi wao wanasema nimerudia kupiga dawa kwa siri ili nyanya zisioze njiani. Mimi, na mgongo huu! Kijana wa langoni ananiuliza, 'Mama, usiku huwa unalala kweli?' Wachuuzi wakacheka, shemeji. Wachuuzi ambao nimewauzia miaka yote." Aliichukua tena karatasi yake. "Nisipoeleza wakaridhika, kibali changu cha kuuza kinachukuliwa mwaka mzima. Nyanya ziive, mimi nizitazame."

Alishika tena kreti ya mwisho, mkokoteni ukaondoka.

*

Duka la dawa za mashamba lilikuwa kwenye kona, na mwenye duka aliitwa Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu hata kuku. Alivaa koti jeupe na kalamu tatu mfukoni. Fundi Mvua alipoingia, Daktari alikuwa ameshaipata habari, na alikuwa ameshajiandaa kwa hasira.

"Usinitazame hivyo! Dawa yangu haina kasoro. Chupa inakuja imefungwa, inaondoka imefungwa. Unataka kusema naichanganya na nini, na machozi yangu?"

"Sijasema kitu, Daktari."

"Uso wako umesema. Sikiliza. Katoni ile ile aliyonunua mjane, ndiyo aliyonunua Kijiko kwa ajili ya shamba la mlimani. Na nyanya za mlimani zimepita jana. Zimepita! Mkaguzi amegonga muhuri, lori limeondoka. Sasa dawa moja itakuwaje halali mlimani na haramu bondeni? Nenda kamuulize mwenzako."

Kijiko alikuwa mpiga dawa mwingine wa eneo lile. Aliitwa hivyo kwa uchoyo wake. Wakulima walisimulia kwamba alikuwa anachungulia kifuniko kwa jicho moja, na dawa ikivuka alama alirudisha tone chupani. Waliomwajiri walikuwa wale waliomkosa Fundi Mvua. Fundi Mvua alimkuta kwenye bomba la maji akijaza pipa.

"Karibu, Fundi wa mvua kubwa," alisema Kijiko. "Umekuja kucheka kijiko changu?"

"Leo sina kicheko, ndugu yangu. Shamba lako limepitaje?"

"Kwa uchoyo!" Kijiko alicheka mpaka maji yakamwagika. "Miaka yote mnanisema, Kijiko mkono wa birika, Kijiko roho ya korosho. Sasa serikali imeshusha kiwango, wachoyo tumefaulu mtihani." Kisha akaliona jicho la mwenzake, akaacha kucheka. "Wewe unaweka vifuniko vingapi?"

"Viwili."

"Na?"

Fundi Mvua aligeuza macho, akatazama pipa.

"Tulijifunza kazi pamoja, bwana," alisema Kijiko, sasa kwa sauti ya chini. "Nimeshakuona mara nyingi. Unaweka viwili. Halafu midomo inacheza. Halafu unaongeza kimoja."

Maji yalijaa pipa, yakaanza kufurika, na hakuna aliyefunga bomba.

Kile kifuniko cha tatu Fundi Mvua hakuwahi kukihesabu. Katika akili yake hakikuwa dawa. Mama yake alikuwa muuza nafaka sokoni zamani, akipima kwa kopo, na kopo likishajaa alichota gao moja la ziada, ujazo wa kiganja, na kulitia kwenye mfuko wa mnunuzi. "Kipimo kikavu hakina mkono wa Mungu," alikuwa akisema. "Hili la baraka." Mtoto aliyekulia chini ya meza ile alikua, akabeba pampu, na akaibeba pia ile desturi. Alipima viwili kwa ajili ya mwenye shamba. Cha tatu alikitia kimya, akisema moyoni, Mungu, lilinde shamba hili na walaji wake. Hakumwambia mtu, wala hakulipisha. Tenda wema nenda zako. Nani hutangaza baraka?

*

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, aliwaeleza mke wake na mama yake. Mama yake, kikongwe mwenye masikio makali kuliko ya vijana, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Mke wake alikuwa akisuuza nguo za kazi kwenye beseni, zile nguo za pampu ambazo hazichanganywi na nyingine. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka kwa kazi hiyo ya kila wiki.

"Kwa hiyo gao langu la baraka sasa limekuwa dhambi?" alisema bibi.

"Hakuna aliyesema dhambi, mama," alisema mke. "Tumesema limezidi."

"Wewe mkwe wangu unapima kila kitu."

"Napima, mama. Hata chumvi unayokula wewe naipima, tangu uliposhikwa na presha. Mbona hunigombi?"

Bibi alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka. Alikificha kwa kupuliza makapi. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Alhamisi sema viwili. Ndivyo chupa inavyosema, na ndivyo alivyoandika shemeji yako. Mungu anaujua moyo wako, hahitaji kifuniko."

"Na Mama Bondeni?" aliuliza mke. "Wote wakisema viwili, na nyanya zinasema tatu, mwongo ni nani? Ni yeye. Ni yeye aliyetia sahihi."

"Ana shamba. Atakodisha."

"Mama!"

Bibi aliona amesema neno baya, akainamia mchele wake.

Fundi Mvua alizungumza akitazama sakafu. "Nikisema, watanisimamisha. Huu ndio mwezi wa kazi. Hatutakuwa na kitu."

"Nitafua nguo za watu," alisema mke wake. "Nguo safi, kwa mara ya kwanza." Alikamua suruali ya kazi kwa nguvu, maji ya rangi ya maziwa yakatiririka kwenye beseni. "Baba watoto, mimi maji haya nimeyatazama miaka kumi na moja. Kila wiki nayamwaga mbali na watoto, mbali na kuku. Sikuwahi kujiuliza kile kinachobaki kwenye nyanya humwagwa na nani."

Aliianika suruali kwenye waya wake wa peke yake, nyuma ya nyumba.

*

Jumatano Daktari alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, na koti lake jeupe. Alikataa kiti.

"Nimesikia kesho watakuambia uwaonyeshe unavyochanganya," alisema. "Onyesha viwili, mikono isitetemeke, rudi nyumbani. Umepulizia mashamba mengine manne, na wiki ijayo yanavunwa. Ukifungua mdomo, umewafunga wenye mashamba hayo wote. Watu wanne na familia zao, kwa ajili ya mjane mmoja."

"Kama na hayo manne yamezidi, si watayakuta tu?"

"Wanachukua sampuli kwa bahati nasibu, Fundi. Huenda wasiyaguse. Ukinyamaza, kuna bahati. Ukisema, hakuna." Alimgusa bega. "Na mimi sisahau watu. Kila mkulima atakayeniuliza nani apige dawa, nitamtaja wewe. Kijiko atapulizia maua ya makaburini."

Fundi Mvua alimsindikiza hadi njiani kwa adabu. Aliporudi, mama yake alikuwa amesimama dirishani.

"Anasema kweli yule," alisema bibi. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya jana.

*

Alhamisi Fundi Mvua aliamka kabla ya jogoo, akapiga magoti kando ya kitanda. Aliomba apewe maneno. Alitaka maneno ambayo yangemwokoa mjane, yakayaokoa mashamba manne, na kumwokoa na yeye, yote kwa pamoja. Aliomba mpaka magoti yakafa ganzi. Hakupewa maneno. Alipoinuka alimkuta mke wake ameshampigia pasi shati jeupe na kulitundika mlangoni. Alilivaa.

Ofisi ya ukaguzi ilikuwa chumba kimoja chenye madawati mawili ya mbao, kabati la chuma, na meza iliyopachikwa gazeti chini ya mguu mmoja ili isitikisike. Mama Bondeni alikuwa ameshakaa, amevaa kitambaa chake cha msibani, kwa kuwa ndicho kizuri kuliko vyote alivyonavyo. Dirishani vichwa vya watu vilisongamana. Daktari alikuwepo, Kijiko alikuwepo, na wale wakulima wanne walikuwepo.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti wa Mama Bondeni kama angekuwa na binti. Aliwaamkia wote wawili shikamoo kabla ya kufungua faili, na jambo hilo lilimchoma Fundi Mvua kuliko kama angewafokea.

"Mama," alisema mkaguzi, "uliandika vifuniko viwili. Bado unasema hivyo?"

"Bado."

"Hukurudia kupulizia?"

"Mwanangu, pampu siwezi hata kuinua. Mimi humwita mtu, namlipa, anapiga, anaondoka. Nangoja siku saba, navuna. Safari hii nilingoja siku nane kwa hofu ya hizi sheria zenu mpya."

"Maabara inasema vinginevyo, mama."

"Maabara haikuwepo shambani," alisema Mama Bondeni, na dirishani mtu akacheka.

Mkaguzi hakucheka. Alifungua kabati, akatoa chupa tupu ya dawa ile ile yenye kifuniko chake, jagi la maji na ndoo. Alivipanga mezani kimoja baada ya kingine.

"Baba, maji haya ni dawa. Ndoo ni pampu yako. Nionyeshe unavyochanganya. Usiharakishe. Fanya kama kawaida yako."

Fundi Mvua alijaza chupa kutoka kwenye jagi. Alikifungua kifuniko, akakijaza, akakimimina ndooni. Kimoja. Dirishani kelele zilizima. Akajaza tena, akamimina. Viwili. Mkono wake uliganda hewani. Hapo alipaswa kufunga chupa, na kila aliyekuwa dirishani alikuwa ameshaifunga kwa macho. Daktari alitikisa kichwa kidogo, kuonyesha kwamba kazi imekwisha.

Lakini aliambiwa afanye kama kawaida. Na midomo yake, iliyozoea, ilianza kucheza. Mungu, lilinde shamba hili na walaji wake. Alipofika kwenye neno la walaji alisimama. Miaka kumi na moja alikuwa akilisema bila kulisikia.

Alijaza kifuniko cha tatu, akakimimina taratibu ili kila mtu akione.

"Hicho ni cha nini?" aliuliza mkaguzi.

"Cha baraka."

Nje walilipuka kwa kicheko. "Baraka!" "Wallahi, baraka ya mchwa!" Mkaguzi aliinua mkono, wakanyamaza.

"Eleza, baba."

Alieleza. Hakumtaja mama yake. Alisema ni mazoea yake, kwamba mjane hakujua, kwamba hakuna mkulima aliyejua, na kwamba mashamba manne mengine aliyapulizia hivyo hivyo. Alipotaja mashamba, mtu mmoja dirishani alitukana kwa sauti kisha akaondoka kwa kishindo. Fundi Mvua aliendelea. Aliyataja yote manne, moja baada ya jingine, na tarehe zake.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha aliweka kalamu.

"Kwa kanuni ya zamani nyanya hizi zingepita," alisema. "Mwaka huu kiwango kimeshushwa. Hazikuzidi kwa wingi. Zimezidi kwa kadiri ya kifuniko chako kimoja."

"Mimi nimekula nyanya za mashamba haya maisha yangu yote," alisema Fundi Mvua. Hakusema kwa ubishi. Alitaka kujua. "Sijaumwa."

"Kiwango hakikuwekwa kwa ajili yako, baba. Kimewekwa kwa ajili ya mtoto wa kilo kumi anayekula nyanya kila siku. Sahani yake ni karibu sawa na yako, ila mwili wake ni mdogo. Kinachoingia kwako kinapita. Kinachoingia kwake kinajilimbikiza."

Fundi Mvua alikaa chini bila kukaribishwa.

Uamuzi ulisomwa pale pale. Mama Bondeni atabaki na kibali chake, kwa kuwa hakudanganya kwa kujua. Nyanya zote zilizoiva, za kwenye kreti na za shambani, zitafukiwa kwenye shimo lililo mbali na kisima, hatua thelathini au zaidi. Mbichi zitaachwa siku kumi na nne, kisha zitapimwa tena. Mashamba manne yatapimwa kabla ya kuvunwa. Na mpiga dawa hatabeba pampu mpaka ahudhurie mafunzo ya wiki sita na kufaulu mtihani wake.

Mama Bondeni aliinuka, akakunja karatasi yake mara nne. Mlangoni aligeuka.

"Miaka yote ile," alisema, "ulikuwa unaniombea kwa sumu."

Akatoka. Watu wakampisha njia.

*

Nyumbani mama yake alikuwa mlangoni, fimbo mkononi, kama aliyetaka kuondoka na hana pa kwenda.

"Uliwaambia nani alikufundisha?"

"Niliwaambia mkono ni wangu."

Bibi aliketi kwenye ngazi taratibu. "Nafaka haimdhuru mtu," alisema. "Gao la nafaka halikumdhuru mtu yeyote."

"Najua, mama. Halikumdhuru."

"Basi kosa lako ni kutotofautisha nafaka na sumu."

"Ndiyo, mama. Hilo ndilo kosa langu."

Bibi alipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Kula kwanza," alisema. "Kesho mna kazi."

Fundi Mvua alimtazama. Hakuwa amemwambia mtu kuhusu kesho. Mke wake, ndani, alikuwa tayari ananoa jembe.

*

Ijumaa asubuhi mume na mke waliteremka bondeni, yeye na jembe na sepetu, mke wake na vikapu viwili. Mshona viatu aliwaona akapaza sauti. "Bwana Baraka huyo! Leo unawabariki akina nani?" Wengine waliitikia kwa vicheko, na jina lile, Bwana Baraka, lilitembea mbele yao mpaka mwisho wa barabara. Mmoja wa wale wakulima wanne alitema mate chini walipopita. Mke alijibu salamu zote, hata zile ambazo hazikuwa salamu.

Mama Bondeni alikuwa peke yake kwenye matuta ya juu, anachuma nyanya nyekundu na kuzitupa kwenye gunia. Kreti kumi na nane zilikuwa bado kando ya banda, na utepe wake.

"Hodi shambani," aliita Fundi Mvua.

Mama Bondeni alitupa nyanya nyingine kwenye gunia.

"Hatukuja kuomba radhi kwa mdomo."

"Vizuri," alisema Mama Bondeni, bila kuinua kichwa. "Mdomo wako umeshafanya kazi ya kutosha."

Hawakungoja kualikwa. Mke aliingia kwenye tuta la chini kabisa akaanza kuchuma. Fundi Mvua alikwenda kisimani, akaupa mgongo ukingo wake, akahesabu hatua hadi thelathini, akapiga jembe la kwanza. Alichimba bila kupumzika. Jua lilipanda, shati lilimgandia mgongoni pale ilipozoea kukaa pampu. Kufikia saa sita shimo lilimfika kifuani, na viganja vyake, ambavyo havikuzoea jembe, vilikuwa vimetoka malengelenge.

Kivuli kilianguka juu yake. Mama Bondeni alikuwa amesimama ukingoni.

"Umehesabu thelathini?"

"Thelathini kamili."

Alikwenda kisimani, akaanza kuhesabu kwa sauti, akitanua hatua zake ndefu za mwanamke aliyezoea matuta. Alifika shimoni.

"Ishirini na nne."

Fundi Mvua alimtazama kutoka chini. Angeweza kusema hatua za watu hazilingani. Angeweza kusema karatasi haikutaja miguu ya nani. Mke wake alikuwa ameacha kuchuma, anasikiliza.

"Basi hapa si penyewe," alisema.

Alirusha jembe nje, akajivuta juu kwa viwiko. Alianza kurudisha udongo shimoni, sepetu baada ya sepetu, mpaka Mama Bondeni akamshika mpini.

"Acha. Hilo nitalijaza mimi. Nitapanda kitu hapo." Alipita mbele yake, akaendelea kuhesabu kutoka alipoishia, ishirini na tano, ishirini na sita, na mke akadakia kutoka kwenye matuta, wakafika thelathini kwa sauti mbili. Mama Bondeni alikwangua alama ardhini kwa kisigino.

"Hapa. Na liwe refu, mvua ya kweli isije ikazifukua." Kisha akamgeukia mke. "Wewe malizia hilo tuta, halafu tule. Nimeinjika viazi, vinatosha watu watatu."

Udongo wa pale ulikuwa mgumu kuliko wa mwanzo, umejaa kokoto. Fundi Mvua alitema mate viganjani, akainua jembe.